Kiyoruba nchi tatu, Kimalayalam nchi moja: kipi kimeenea zaidi?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kwa sasa nipo Muscat, nafanya kazi ya mapokezi kwenye zahanati binafsi. Wauguzi wetu wengi wametoka jimbo la Kerala, India, na wanaongea Kimalayalam kutwa nzima, na wagonjwa wengi vilevile. Rafiki yangu mkubwa hapa ni dada wa Kiyoruba kutoka Abeokuta. Mwajiri amekubali kunilipia kozi ya lugha moja, nichague mwenyewe. Nilipotafuta mtandaoni nikakuta jedwali: Kiyoruba kinazungumzwa Nigeria, Benin na Togo, tena hadi Brazil na Cuba. Kimalayalam, India, basi. Rafiki yangu ananiambia nichague lugha ya nchi nyingi, nisije nikapoteza muda kwa lugha ya jimbo moja. Mwenzangu mwingine anasema Kimalayalam ni Kihindi cha kusini tu, ukijua Kihindi imetosha. Lakini mbona hapa nasikia Kimalayalam kila kona, na Kiyoruba nakisikia kwa mtu mmoja? Jedwali linadanganya au masikio yangu? Na nichague ipi? Kiarabu changu bado ni cha kuombea maji.*

Marahaba mwanangu. Masikio yako ni mazima, na jedwali nalo halijasema uongo. Tatizo ni kwamba linajibu swali ambalo wewe hukuuliza. Limehesabu ni mipaka mingapi ya nchi imepita katikati ya wenye lugha. Wewe unataka kujua utaongea na nani, wapi, na kwa shida gani. Hofu yako ya kuchagua lugha itakayokufungia mahali pamoja naielewa vizuri, maana nafasi ya kulipiwa kozi haiji kila siku. Ngoja tuipange hesabu hii upya, kisha turudi kwenye meza yako ya mapokezi.

Nianze na jambo linalotupoteza sisi Waswahili kuliko wengine. Tumezoea kupima lugha kwa kipimo cha Kiswahili. Kwetu, ukisema lugha inazungumzwa nchi tano, maana yake ni kwamba unaweza kupanda basi Tanga, ukashuka Bujumbura au ukavuka hadi Bukavu, na njia nzima ukanunua chai, ukauliza bei, ukapata pa kulala. Kiswahili kilienea hivyo kwa sababu wengi walikipokea kama lugha ya pili: kwenye misafara ya biashara, kambini, shuleni, redioni, sokoni. Wanaokizungumza kama lugha ya pili ni wengi mno kuliko waliozaliwa nacho. Kiyoruba na Kimalayalam havikukua kwa njia hiyo. Karibu kila anayezizungumza amezaliwa nazo, au ameishi katikati ya waliozaliwa nazo. Kwa hiyo ukisoma neno «Nigeria» kwenye jedwali lile, usidhani utatua Kano au Maiduguri na Kiyoruba chako ukasikilizwa. Sehemu kubwa ya kaskazini ile inatumia Kihausa. Kusini mashariki wanaongea Kiigbo na lugha nyingine nyingi. Watu wa makabila tofauti wakikutana, hasa kusini, mara nyingi wanakwenda kwa Pijini ya Nigeria au Kiingereza.

Kiyoruba kina nchi yake ndani ya Nigeria, nayo ni kusini magharibi: majimbo ya Lagos, Ogun, Oyo, Osun, Ondo na Ekiti, pamoja na sehemu kubwa ya Kwara na upande mmoja wa Kogi. Majimbo sita ya kwanza yakijumlishwa yana ukubwa wa takriban kilomita za mraba 80,000, yaani kama Kerala mbili. Rafiki yako wa Abeokuta anatoka Ogun, katikati kabisa ya eneo hilo. Mji wa Ilorin, kule Kwara, unastahili kutajwa peke yake: ukoo wa emiri wake ni wa Kifulani, mji ulikuwa sehemu ya dola ya Sokoto, lakini lugha ya nyumbani na sokoni ni Kiyoruba. Wanazuoni wa Kiislamu wa huko waliwahi kukiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa Lamu na Pemba walivyokiandika Kiswahili.

La Kihindi nalimaliza haraka. Mwenzako amekosea. Kihindi ni wa ukoo mmoja na Kiajemi na, kwa mbali, Kiingereza. Kimalayalam ni wa ukoo wa Kidravidi, pamoja na Kitamil, Kikannada na Kitelugu. Ndugu yake wa karibu ni Kitamil, na vilianza kuachana kiasi cha miaka elfu moja iliyopita. Kimebeba maneno mengi ya Kisanskriti, kama Kiswahili kilivyobeba ya Kiarabu, na hilo halikigeuzi kuwa lahaja ya Kihindi. Wauguzi wako wengi wanajua Kihindi kwa sababu walikisoma shuleni au walikipatia huku Ghuba. Mama mtu mzima aliyeletwa na mwanawe kutoka kijiji cha Malappuram anaweza asijue Kihindi hata kidogo.

Sasa tuje kwenye mipaka, maana hapa ndipo jedwali lako lilipopata tofauti yake ya tatu kwa moja.

Kulikuwa na ufalme wa Kiyoruba uitwao Ketu. Mfalme wake, Alaketu, anahesabiwa miongoni mwa wafalme wanaotaja asili yao kwa Oduduwa wa Ife, babu mwanzilishi wa Wayoruba, na mji wake ulizungushiwa boma la udongo na lango kubwa la Akaba Idena, ambalo lipo mpaka leo. Mwaka 1886 jeshi la ufalme jirani wa Dahomey liliuangusha mji huo. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1889, Uingereza na Ufaransa zilikubaliana huko Paris kuhusu mstari unaoanzia pwani, karibu na Badagry, na kupanda kaskazini hadi nyuzi 9. Ketu ukaangukia upande wa Wafaransa. Imeko, mji uliokuwa chini ya Alaketu huyohuyo, ukaangukia kwa Waingereza. Mashamba yakabaki huku, makaburi ya babu kule. Sisi hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili: mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipiga mstari wao kutoka mdomo wa mto Umba kwenda Ziwa Victoria, na Wadigo wakajikuta nusu wako Kwale, nusu wako kwenu Tanga. Hakuna Mdigo aliyesafiri ili Kidigo kiwe lugha ya nchi mbili.

Ndivyo Kiyoruba kilivyoingia Benin kwenye majedwali. Wenyewe hawakuhama. Magharibi zaidi, kule Atakpamé nchini Togo, kuna watu wanaojiita Ife, ambao majirani huwaita Ana. Wao walitawaliwa na Wajerumani kwanza, kisha Wafaransa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Usemi wao umetofautiana na wa Lagos kiasi kwamba baadhi ya wanaisimu wanauhesabu kuwa lugha kamili ya jamii ya Kiyoruba, wengine wanauita lahaja. Ukifuata kundi la kwanza, ile «Togo» ya jedwali inakuwa nyembamba sana. Unaona jinsi nchi tatu zinavyoweza kuwa mbili na nusu kwa uamuzi wa mtu aliyeketi mezani na orodha yake.

Mstari ule ulileta matokeo ambayo mwanafunzi wa lugha hukutana nayo mapema. Togo, Dahomey (Benin ya sasa) na Nigeria zote zilipata uhuru mwaka 1960, lakini shule za upande mmoja zilibaki za Kifaransa na za upande wa pili za Kiingereza. Mtoto wa Kétou, ndiyo Ketu kwa Kifaransa, na mtoto wa Imeko wanaweza kucheka pamoja kwa Kiyoruba, kisha kila mmoja akaandika barua ambayo mwenzake hawezi kuisoma. Hata Kiyoruba chenyewe wanakiandika tofauti: Nigeria wanaweka nukta chini ya herufi, ẹ na ọ na ṣ, na Benin wanatumia ɛ na ɔ na sh. Huko Benin wenye lugha huitwa pia Wanago. Mwalimu akikuletea kitabu, tazama kimechapwa upande gani kabla hujaanza kukariri.

India ilikwenda kinyume chake, na kwa makusudi. Wakati wa Waingereza, wenye Kimalayalam waligawanyika sehemu tatu kubwa: falme za Travancore na Cochin zilizokuwa na wafalme wao, na Malabar iliyotawaliwa moja kwa moja kutoka Madras. Kwa miongo kadhaa kulikuwa na harakati za Aikya Kerala, yaani za kuunganisha wenye lugha hiyo chini ya serikali moja. Travancore na Cochin ziliungana mwaka 1949. Mwaka 1952 Potti Sriramulu alifariki akiwa kwenye mfungo wa kudai jimbo la wenye Kitelugu, na kifo chake kilitikisa nchi nzima kiasi kwamba serikali ikalazimika kuunda tume ya kupanga majimbo upya. Tarehe 1 Novemba 1956 Kerala ikazaliwa: Travancore na Cochin, Malabar, na Kasaragod ya kaskazini. Wilaya za kusini zenye Watamil wengi, ikiwemo Kanyakumari, zikapelekwa upande wa Kitamil.

Kwa hiyo mpaka wa Kerala ulichorwa kuifuata lugha, ilhali mpaka wa Benin na Nigeria ulichorwa bila kuiuliza. Milima ya Ghats upande wa mashariki ilikuwa imekwisha kuwatenga Wamalayali na Watamil kwa karne nyingi, isipokuwa kwenye pengo la Palakkad, kwa hiyo wachora ramani walipata msaada wa maumbile. Sensa ya 2011 ilikuta Kerala ina watu milioni 33.4, na takriban 97 kati ya kila 100 walitaja Kimalayalam kuwa lugha yao ya kwanza. Ukiangalia hapo, «nchi moja» ya jedwali haina maana ya lugha dhaifu. Ni lugha iliyopata serikali yake. Bunge la jimbo, ofisi za vijiji, vitabu vya shule na magazeti, vyote vinatumia Kimalayalam. Gazeti la *Malayala Manorama*, ambalo kampuni yake iliundwa mwaka 1888, bado linatoka kila siku. Kiyoruba kina wasemaji wengi zaidi, lakini majimbo yake sita yanaendesha ofisi zao kwa Kiingereza. Katiba ya Nigeria ya 1999 inaruhusu Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba kutumika katika Bunge la taifa pale maandalizi yatakapokuwa tayari, na mpaka leo Kiingereza ndicho kinachotawala humo. Hilo linaniuma, maana tangu 1970 kulifanyika jaribio zuri sana Ife, likiongozwa na Profesa Babs Fafunwa, la kufundisha watoto masomo yote ya msingi kwa Kiyoruba kwa miaka sita, na watoto wale walifanya vizuri, hata kwenye Kiingereza.

Mipaka ya Kerala nayo si safi kama inavyoonekana. Kasaragod wanaongea Kimalayalam, Kitulu, Kikannada na nyingine, na mwaka 1967 tume ilipendekeza eneo la kaskazini ya mto Chandragiri lihamishiwe jimbo jirani. Halikuhamishwa. Kisha kuna Mahé, mji mdogo wa kilomita za mraba 9 tu, uliokuwa wa Wafaransa mpaka 1954. Umezungukwa na Kerala pande zote za nchi kavu, watu wake wanaongea Kimalayalam kama majirani zao, lakini kiserikali uko chini ya Puducherry, ambayo iko pwani ya upande wa pili wa India. Na kuna visiwa vya Lakshadweep, vyenye watu kama 64,000 kwa sensa ya 2011. Visiwa kumi vinakaliwa, na karibu vyote vinaongea Kimalayalam cha kwao kiitwacho Jeseri. Minicoy ndicho kimejitenga, kinaongea lugha ya Maldivi. Ukichanganya na mamia ya maelfu ya Wamalayali walioko Tamil Nadu, Karnataka na Mumbai, unapata ramani yote ya India.

Tumefika Brazil na Cuba, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu jedwali limeunganisha vitu viwili visivyofanana hata kidogo: watu waliochukuliwa na watu waliokwenda.

Dola ya Oyo ilipoporomoka mwanzoni mwa karne ya 19, vita viliitafuna nchi ya Wayoruba, na mateka waliuzwa pwani kwa maelfu. Wengi walipelekwa Bahia, jimbo la Brazil ambalo mji wake mkuu ni Salvador, na Cuba. Bahia waliitwa Nagô, Cuba wakaitwa Lucumí. Mwaka 1835 Waislamu miongoni mwao waliongoza uasi mkubwa wa watumwa mjini Salvador. Walikuwa wengi vya kutosha kushika lugha yao kwa kizazi au viwili, lakini mtumwa hana shule, hana soko lake, hana njia ya kurudi nyumbani, na mtoto wake anakua akisikia Kireno au Kihispania. Kilichobaki ni lugha ya ibada. Katika nyumba za ibada za Candomblé, dini ya Bahia yenye asili ya Afrika, tawi kubwa kabisa linaitwa Ketu, ndiyo, Ketu ileile ya lango la Akaba Idena, na nyimbo za kuwaita orisha, yaani miungu ya Kiyoruba, zinaimbwa kwa Kiyoruba kilichohifadhiwa mdomoni tangu enzi hizo. Cuba vilevile, katika dini ya Santería. Mimi naiheshimu sana hazina hiyo. Lakini ukienda Salvador ukamsalimia muuza matunda kwa Kiyoruba ulichojifunza darasani, atakujibu kwa Kireno. Hakuna mtoto wa huko anayenyonya akiimbiwa kwa lugha hiyo kama lugha ya nyumbani.

Wapo waliorudi, na kurudi kwao ndiko kulikokipa Kiyoruba maandishi yake ya herufi za Kilatini. Samuel Ajayi Crowther alitekwa akiwa kijana mwaka 1821. Meli yake ilikamatwa na wanamaji wa Kiingereza mwaka uliofuata, akashushwa Freetown, Sierra Leone. Huko walikusanyika maelfu ya Wayoruba waliookolewa kama yeye. Mwaka 1843 alichapisha msamiati wa Kiyoruba, na Biblia nzima ikakamilika mwaka 1884. Krio, lugha ya mchanganyiko ya Sierra Leone, mpaka leo ina maneno mengi ya Kiyoruba. Waliorudi kutoka Freetown walikaa Lagos na Abeokuta, mji wa rafiki yako, ambako gazeti la *Iwe Irohin* lilianza kuchapwa mwaka 1859. Muulize, nina hakika atafurahi kukusimulia.

Wamalayali waliovuka bahari walikwenda kwa miguu yao. Walianza zamani, kwenye mashamba ya mpira na ofisi za Malaya ya Waingereza, na huko wajukuu wao wengi wamekwishahamia Kimalei na Kiingereza. Lugha haina kinga ya pekee: mtu akihamia moja kwa moja, kwa kawaida kizazi cha tatu kinaiacha. Ghuba ni habari nyingine. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na ujenzi ukashika kasi, Kerala ilikuwa na vijana wengi waliosoma na kazi chache. Wakaja mafundi, madereva, makarani, baadaye wauguzi na wahasibu. Utafiti wa uhamiaji wa Kerala wa mwaka 2018 ulihesabu zaidi ya watu milioni 2.1 walioko nje ya India, na karibu tisa kati ya kumi walikuwa nchi za Ghuba.

Kwa nini hawa hawajaipoteza lugha? Kwa sababu Ghuba haiwapi uraia. Mtu anajua fika kwamba kibali kikiisha atarudi, kwa hiyo nyumba anaijenga Thrissur au Kannur, harusi anafanyia kwao, na mtoto anamsomesha akijua atarudi kuishi Kerala. Mtihani wa darasa la kumi wa serikali ya Kerala una vituo Falme za Kiarabu. Kuna redio za Kimalayalam zinazosikika kutoka hukohuko, na gazeti la *Gulf Madhyamam* lilianza kuchapwa Bahrain mwaka 1999. Wakati huohuo wanaishi kwa kujuana: aliyetangulia anamvuta ndugu, ndugu anamvuta jirani, mpaka zahanati moja inakuwa na wauguzi wa wilaya moja. Ndiyo maana unakisikia kila kona. Wayoruba nao wamehama sana miaka hii, lakini zaidi wamekwenda London, Houston, Toronto na miji mingine ya huko, au nchi jirani za Afrika Magharibi. Ungekuwa mapokezi kwenye zahanati ya Peckham, London, ungeniandikia swali hili kwa kugeuza majina.

Kuhusu idadi, usibabaike sana. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu wenye Kimalayalam milioni 34.8 ndani ya India. Kiyoruba hukadiriwa kuwa na zaidi ya milioni 40. Nasema hukadiriwa kwa sababu sensa ya mwisho ya Nigeria, ya 2006, haikuuliza kabila wala dini, maswali hayo yana moto mkali kule, kwa hiyo kila takwimu utakayoiona imetokana na makisio. Kiyoruba kinaongoza, lakini tofauti hiyo haiwezi kukuamulia chochote ukiwa Muscat.

Turudi kwako basi. Kama fedha ni za kozi moja na unakusudia kubaki Oman kwa miaka ijayo, nakwambia bila kuzunguka: soma Kiarabu kwanza. Umesema mwenyewe ni cha kuombea maji. Mkataba wako wa kazi, barua za wizara, malalamiko ukiwa nayo, vyote vitapimwa kwa Kiarabu. Una msingi ambao Wamalayali wengi hawana, kwa sababu ya maneno ya Kiarabu yaliyomo kwenye Kiswahili, na Muscat bado ina Waomani wenye asili ya Zanzibar watakaokusaidia kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Nakushauri umuulize mwajiri kama Kiarabu kinaruhusiwa kwenye hiyo nafasi ya kozi.

Kama ni lazima uchague kati ya hizi mbili, chukua Kimalayalam. Utakitumia siku hiyohiyo ya somo la kwanza, wenzako wa kazi watakurekebisha bure, na hakuna kinachofundisha lugha kama watu wanaokujibu. Ukihamia Dubai, Doha au Kuwait, kitakufuata. Ugumu wake ni maandishi, ambayo yana herufi nyingi zenye kuunganika, na sauti za ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma ambazo Kiswahili hakina. Lakini kitenzi cha Kimalayalam hakibadiliki kwa kufuata mtenda, mimi au wewe au wao ni kilekile, na hilo litakupumzisha. Usikubali mwalimu akuanzishe na lugha ya taarifa ya habari, iliyojaa Kisanskriti. Mwambie unataka ya kumuuliza mgonjwa jina lake, umri, na wapi panauma. Mwulize pia anatoka wapi, kwa sababu usemi wa Malabar na ule wa Thiruvananthapuram una tofauti utakayoisikia, na ni vizuri ujifunze ule wa wagonjwa wako.

Kiyoruba nacho usikiache kama moyo wako uko huko. Kama una mpango wa kwenda Lagos kwa biashara, au urafiki wenu ni wa kudumu, kina thamani kubwa: Kiingereza kitakufikisha sokoni, Kiyoruba ndicho kitakachokupa bei ya mwenyeji. Ila usijaribu kujifunza kwa programu ya simu peke yake. Kina toni tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na toni ndiyo inayotenga maana za maneno. Sisi tumezoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, na masikio yetu huruka toni bila kujua. Hapo unahitaji mtu aliyekaa mbele yako. Rafiki yako anaweza kukufaa kwa saa moja kila wiki bila kozi yoyote, mkiahidiana kwamba hatakuachia hata kosa moja kwa upole.

Jambo moja silifanyii mzaha. Lugha yoyote utakayochagua, miezi michache ya darasa haikupi haki ya kutafsiri kipimo cha dawa, ridhaa ya upasuaji au majibu ya vipimo. Salimia, andikisha, elekeza chumba, tuliza aliyeogopa. Yakifika mambo ya tiba, mwite muuguzi mwenye lugha hiyo au mkalimani wa hospitali, na daktari awepo. Na karatasi yoyote ya mkataba au ya mahakama ipeleke kwa mtafsiri aliyesajiliwa, usimpe rafiki wala mimi.

Kabla hujasaini fomu ya kozi, weka daftari mezani kwa wiki mbili. Kila mgonjwa aliyekwama, andika tu lugha aliyokwama nayo na alitaka kusema nini. Jina lake liache, ni siri yake. Ukikuta waliokwama wengi ni wazee wa Kerala, umepata jibu lako. Ukikuta ni Waomani au Wabaluchi wanaojua Kiarabu na wewe ndiye uliyekwama, mpelekee mwajiri daftari hilo na umwombe abadilishe kozi.

Nisalimie watu wa Tanga ukipiga simu nyumbani.